Bahari Ilikukuta Ndani ya Eda

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hili kisha nikaliacha peke yake muda mrefu, maana nimezoea kwamba kabla sijalimaliza kulitamka, marahaba yako imeshafika. Naandika kwa herufi za chuoni, za Kurani, zile ulizonipeleka kujifunza huku watu wakikucheka, wakisema mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume. Barua yangu ndefu ya kwanza ndiyo hii, nakuandikia wewe.

Mara ya mwisho kukuona ulikuwa chumba cha ndani, umevaa nguo nyeupe za kizuka, mjane wa edani, siku tuliyomaliza hitma ya baba. Nilitaka kubaki nawe. Ukanambia rudi mjini kwa mumeo, mimi nna mdogo wako Kibibi, na eda si ugonjwa. Ukanitilia shelisheli la kuchoma kikapuni, bado la moto, likaniunguza paja njia nzima kutoka Makunduchi mpaka Ng'ambo. Nilikuwa nikinung'unika ndani ya gari. Nilipofika nililila lote peke yangu, hata mume wangu sikumbakishia.

Sikuwapo, mama. Haya nnayoyaandika wewe unayajua kuliko mimi. Nimeyapata kwa Kibibi, vipande vipande, na nataka ujue kwamba yamenifika.

Masika yalikuwa yamekolea. Upepo wa matlai ulikuwa umevuma tangu juzi yake bila kupumzika, na ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa mno na kupwa mno. Lakini asubuhi ile, saa ya kupwa, maji hayakutoka. Wanawake walioshuka kutazama mashimo walimofukia makumbi yao ya nazi ya kusokotea kamba hawakuyaona; bahari ilikuwa imeyalalia. Wazee walipoona vile wakasema, ikiwa haya hayajashuka, basi ya alasiri yatakuja juu ya haya. Watu wakaanza kuhama kwenda juu kwenye mawe, karibu na msikiti, wamebeba mikeka na kuku na wagonjwa wao.

Bi Tatu jirani akaja kukuchukua. Ulikuwa umeshajifunika gubigubi, Kibibi keshafunga unga kwenye kitambaa. Ndipo Ami Vuai aliposimama mlangoni. Tangu baba afe yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, na neno la ndugu wa mume, kwetu, halirudishwi. Hakupiga kelele.

"Kizuka hatoki," alisema. "Ndugu yangu hajapoa kaburini, mkewe akakae uwanjani mbele ya wanaume?"

Bi Tatu akamwambia bahari haitauliza nani yuko edani. Ami akamjibu kwamba nyumba hii kaijenga ndugu yake kwa mawe, imeona bamvua nyingi, na kwamba yeye mwenyewe atarudi kabla ya alasiri kuitazama. Ikiwa kuna hatari, atakutoa kwa mkono wake.

Ukavua ile kanga ya juu, ukaikunja. Kibibi anasema uliikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama ya kuweka sandukuni. Ukamwambia yeye aende na Bi Tatu. Akakataa. Yule mtoto hajawahi kukukatalia jambo, akakukatalia hilo.

Na Ami Vuai alirudi, mama. Watu walimwona. Alikwisha kuwapandisha wake zake wawili kwenye mawe, akarudi kuchukua mbuzi. Alifungua zizi, akawaswaga wakapita mbele ya mlango wako, na hakubisha. Kibibi aliwasikia wakilia. Anasema ulimwambia, "Huyo ami yako karudi," ukasimama nyuma ya mlango ukingoja hodi.

Kila mtu alidhani maji yangekuja kutoka mbele. Yalikuja kutoka nyuma. Yaliuzunguka mchanga wa pwani yakaingia kwenye bonde la mihogo, ambako ni chini kuliko ufukweni, yakajaa kimya, na mlipofungua mlango wa uani njia ya kwenda juu ilikuwa imeshakuwa bahari. Kisha yakaja ya mbele, na hayo hayakuja kimya. Udongo uliokuwa ukishika mawe ya ukuta ukalainika kama mkate uliochovywa chai. Ulimpandisha Kibibi juu ya boriti, ukapanda nyuma yake. Ukuta ukaenda, paa likashuka juu ya maji, likaelea nanyi mpaka likagonga mnazi. Kibibi akaukumbatia ule mnazi. Wewe ukamshika kifundo cha mguu. Ulikuwa ukimwambia kitu, lakini mvua haikumwacha asikie. Kisha mguu ukawa mwepesi.

Ndivyo alivyonambia, mguu ukawa mwepesi. Sijamuuliza zaidi, na wewe usitake nimuulize.

Mimi habari nililetewa na dereva wa gari la shamba. Hakuwa na haya, alinambia huku anashusha magunia. Barabara ilikuwa imekatika, nikateremka nikaenda kwa miguu kwenye matope, na nilipofika ulikuwa umeshazikwa. Walikuokota kwenye yale mashimo ya makumbi, maji yalipokubali kushuka. Bi Tatu ndiye aliyekuosha. Kanambia mchanga wa masikioni walikutoa kwa kidole na haukwisha, mwishowe wakakusitiri nao. Ningependa nisilijue hilo. Lakini nilimuuliza, naye si mtu wa kusema uongo.

Matangani Ami Vuai alikaa mbele, kanzu safi, akasema, "Kafa ndani ya heshima ya mumewe. Na aliyekufa maji ni shahidi, makazi yake peponi. Tusimlilie, tumwonee wivu." Wanaume wakaitikia. Mmoja akamshika mkono, akamwambia umemtunzia ndugu yako hishima. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nikasikia kila neno, na Kibibi kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Wakaleta chai.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa sheikh mmoja wa Malindi, mzee sana, anayesomesha wanawake barazani kwa mkewe. Nikamuuliza kizuka anaruhusiwa kutoka lini. Aliuliza kuna nini, nikamweleza. Kisha akanambia mwanamke mwenye eda akiogopa nyumba isimwangukie anatoka, akiogopa moto anatoka, akiogopa maji anatoka, na hamuulizi mtu. "Nani aliyemzuia?" akauliza. Nikasema mtu wa kwetu. Mkewe akaanza kulia, na mimi nikamwonea hasira kwa kulia kwake, maana hakukujua.

Maneno yale niliyabeba mpaka siku ya arubaini yako. Nikayasema mbele ya watu, kwa adabu, kwa kuanza na shikamoo. Ami Vuai alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilimwambia akae. Sikumwambia afe." Akaomba maji ya kunawa, chakula kikaandaliwa. Watu wakasogea kwenye sinia, mama. Hata wale waliomwona na mbuzi. Walinawa, wakala.

Ningependa kukwambia kwamba amepata lake. Hajapata. Mbuzi wake wamezaa. Pale palipokuwa na nyumba yetu kapasafisha, anaanikia dagaa, maana pana upepo mzuri. Bwana mmoja wa serikali alikuja na mwavuli, akatazama, akasema watu wasijenge tena pwani, wahamie juu. Juu ni mawe na ardhi ya wenyewe. Wamejenga pale pale. Kisima ulichokuwa ukikisifu kwamba maji yake hayahitaji sukari, sasa chai yake ina chumvi, na wanawake wanakwenda mbali na ndoo kichwani. Mihogo ya bonde ilioza ardhini. Mnazi wa Kibibi umesimama, lakini umeanza kunyauka kutoka juu.

Sasa nikupe habari ya Kibibi. Nilimtaka aje kukaa nami mjini, hataki. Yuko kwa Bi Tatu. Mume wa Bi Tatu alifariki kabla ya masika ya safari hii, basi Bi Tatu naye akawa kizuka, kwenye nyumba yake ile iliyojengwa upya hatua chache na maji. Ikaja bamvua, ukaja upepo. Maji yalipofika kwenye mizizi ya miti ya mikungu, Kibibi hakungoja mtu. Alimfunika Bi Tatu, akamshika mkono, akamtoa. Ami Vuai alikuwa barazani kwake, akamwita kwa jina. Kibibi akasema, "Naam, ami," kwa sauti ya heshima kabisa, na hakusimama.

Maji hayakuja. Yalilowesha vizingiti yakarudi. Na sasa wanamsema, mama. Mtoto hana adabu, kamvunjia mwanamke mzima eda yake kwa maji ya kunawia miguu. Bi Tatu akipita kisimani wanawake wanachekea kangani. Nilipokwenda nikamkuta Kibibi anapiga makumbi peke yake pembeni, wenzake wamemhama. Nikamuuliza kama yanamuuma. Akaendelea kupiga, kisha akasema, "Wacha waseme. Bi Tatu yuko hai, anawasikia."

Kafanana nawe alipolisema hilo. Nikashindwa kusimama pale, nikajifanya nakwenda kuchota maji.

Basi mama, kwaheri. Nimemaliza karatasi na mwanangu ameamka. Nakuombea kila baada ya sala, na sitakudanganya kwamba namwombea na Ami. Sijamsamehe, na sioni njia ya kumsamehe. Lakini yeye ni mzee, na iko siku atatangulia, na wake zake wawili watakaa ndani na nguo nyeupe, kwenye nyumba ile ile ya pwani. Nakuahidi siku hiyo nitakuwapo. Nitakuja Makunduchi nikae nao mpaka eda yao iishe, na bahari ikija, mimi na Kibibi tutawatoa, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu. Mbuzi watabaki.

Mwanao,
Mwanaidi