Maji ya Uvuguvugu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari hakutaja muda. Alimtazama mwanangu tu, wakatoka koridoni wote wawili. Nikajua.

Mjukuu wangu ameitwa kwenye usaili wa udaktari, Jumatatu ijayo. Nafasi yenye ufadhili ni moja. Wengine watajilipia, na asiyeweza atarudi kwao. Nikamwambia, mchumba, fanya haraka usome uje unitibu. Akasema babu, wewe vumilia tu, usinifanye mjane kabla ya harusi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 5 Machi

Mlango wangu huachwa wazi ili nikiita nisikike. Na mimi nasikia.

Mwanangu alikuwa sebuleni anamwelekeza binti yake. Ukiingia, karani atakuuliza kama utakunywa maji. Sema ndiyo, ya uvuguvugu. Mtoto akauliza kwa nini ya uvuguvugu, na joto lote hili? Yanalainisha koo, akajibiwa. Basi.

Maneno hayo ni yangu. Niliyabuni nilipokuwa mwenyekiti wa usaili chuoni. Mkubwa fulani akija ofisini na mtoto wake, nilimfundisha ombi hilo. Katika chumba kile chenye joto nani mwingine angeomba maji ya uvuguvugu? Wajumbe wakisikia, wanauliza maswali mepesi na kutikisa vichwa. Hakuna karatasi. Hakuna ushahidi. Niliona nina akili sana.

Nawakumbuka waliokunywa ya baridi. Kijana mmoja, suruali imepigwa pasi hadi inang'aa magotini, alitujibu vizuri kuliko tulivyouliza. Nikasema hajakomaa. Wenzangu wakaitikia, hajakomaa.

Sikujua kama bado wanaitumia ishara ile. Mwenyekiti wa sasa ni yule tuliyemwita Mkimya. Enzi zangu ndiye aliyekuwa karani wa kumimina maji.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi anayekuja kunihudumia amekuja na binti yake, anisalimie. Naye ameitwa usaili uleule. Mama mtu akasema, akikosa ufadhili, baba, ndiyo imeishia hapo, mshahara wangu haufiki huko. Alisema huku ananifunga bandeji, kama anayezungumzia hali ya hewa.

Binti ana sauti ndogo, inakatika. Nikamuuliza jinsi moyo unavyosukuma damu. Akanieleza bila kubabaika, akaongeza kwamba wangu umechoka lakini bado una heshima. Mama yake akamkaripia. Mimi nilifurahi.

Kisha nikamwambia: wakikuuliza maji, omba ya uvuguvugu, yatakusaidia sauti.

Nilifikiri hivi. Wakiomba wawili, ishara imekufa. Itabidi wawasikilize. Nimetengeneza nilichoharibu, na sijalazimika kukiri kwa yeyote.

Nimelala vizuri mchana wote.

Jumatatu, 10 Machi

Mjukuu amerudi na viatu mkononi. Akakaa kitandani kwangu. Babu, kuna msichana aliingia kabla yangu. Mlango haukufungwa vizuri, tukasikia anaomba maji ya uvuguvugu, kama mimi nilivyoambiwa! Wazee wakaanza kumchekea. Halafu mwenyekiti akanyamazisha wote. Akamuuliza, nani amekufundisha?

Akajibu nini, nikauliza.

Akasema, mzee mmoja mgonjwa, mama yangu anamhudumia.

Kwa nini asiseme? Hakuwa na la kuficha.

Nilisahau jambo moja, mimi mwenyewe niliyelipanga. Wajumbe hupewa ishara tu. Jina huambiwa mwenyekiti peke yake. Mkimya alijua anamsubiri nani, na kwamba binti yule siye.

Mjukuu wangu aliulizwa aeleze mapafu ni nini. Wakamsifu sana. Babu, alisema, mbona walinisifu vile?

Nilijifanya nimesinzia.

Jumanne, 11 Machi. Asubuhi

Muuguzi amekuja macho yamevimba. Binti anashutumiwa kuvujishiwa siri za usaili. Akipatikana na hatia, hapokelewi chuo chochote cha serikali. Mama mtu naye ataitwa kazini kwake. Ananiuliza, baba, ni siri gani? Maji? Maji yana siri gani?

Nilifungua mdomo. Mwanangu akaingia, akamwomba asubiri jikoni.

Akafunga mlango, ule usiofungwa. Mkimya anakuja saa nne, akasema. Baba, wewe sema tu muuguzi alikudodosa ukiwa umelewa dawa. Nikamwambia nilikuwa na akili zangu zote. Akasema, basi sema hukumbuki. Unataka mjukuu wako aanikwe? Jina lako je? Wale madaktari wote uliowaingiza, waulizwe mmoja mmoja?

Nikasema ndiyo. Waulizwe.

Alinirekebishia mto kwa upole mno, akatoka.

Saa nne

Gari limesimama. Viatu, salamu, kiti kinavutwa. Namsikia muuguzi anamuuliza mgeni kama atakunywa maji. Kisha Mkimya anasema, hapana dada, asante.

Nataka mchumba wangu awe wa kwanza kusikia, kabla yao. Nimemwita. Nimemwita tena.

Ameingia baba yake. Ana vidonge kwenye kisahani na glasi ya maji. Anasema nipumzike, yeye atazungumza nao kwa niaba yangu. Ni vile vya kulalia. Ni saa nne asubuhi.

Nimemwambia nimalize mstari huu kwanza. Amekubali. Amesimama mlangoni, ameuziba wote, na nyuma ya bega lake namsikia mtoto anauliza, baba, babu ananiita?

Glasi iko kando ya kalamu. Nimeigusa. Ni ya uvuguvugu.