Yah: Chujio Jipya la Wapangaji Wako wa Sebuleni

Mama yangu mpendwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua tayari umecheka. Ulizoea kuniambia, "We Deo, hata ukiomba chumvi lazima uanze na husika!" Lakini sijui kukuandikia kwa njia nyingine, na ninalo kosa la kuungama, hivyo niruhusu nilieleze kwa utaratibu.

Siku tulipoanua matanga, akina mama wadogo walifua mapazia na kusugua sakafu. Nami, kwa nia ya kukuheshimu, nilifungua chujio la lile tangi lako kubwa la samaki, nikatoa sponji iliyojaa tope, nikaifua kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe kama kitambaa cha altare. Niliona fahari, Mama. Siku ya tatu wapangaji wako wawili walikuwa wakielea. Mwenyekiti, yule mwenye nundu kwenye paji la uso uliyemleta kutoka ziwani, kule Karema, akiwa na ukubwa wa kidole, alikuwa juu ya maji akihema.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yako: "Sabuni peleka kwenye masufuria, mwanangu. Ule uchafu wa kwenye sponji ndio unaowalea." Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi. Nilidhani ni uvivu wa kufua. Nisamehe.

Nilibadilisha maji kidogo kidogo kila asubuhi, na Mwenyekiti akabaki hai, ingawa dhaifu. Kisha Dada Veronika akaitisha kikao cha sisi wanao. Alisema, na ni kweli, kwamba ile mashine kuukuu ya chujio, ambayo wahandisi wa barabara walituachia pamoja na tangi walipomaliza kazi yao, inakula umeme kuliko friji. "Tuwagawe hao samaki, Deo. Mama hayupo." Yale maneno mawili ya mwisho, Mama. Baadaye niliomba, kwa heshima zote, nipewe mwezi mmoja. Nikishindwa, Mwenyekiti angeondoka hapa nyumbani Nsemulwa.

Nilikwenda mjini. Muuza pampu alinionyesha moja kubwa: "Chukua hii, mzee wangu, inavuta kama gari la zimamoto!" Nikakumbuka siku uliponunua friji: muuzaji alisifia, wewe ukaigeuza kusoma kibandiko cha nyuma. Nami nikaigeuza ile pampu. Wati hamsini na tano, sawasawa na ile kuukuu. Pembeni palikuwa na nyingine isiyosifiwa na mtu, wati kumi na tano tu, lakini chombo chake cha sponji kikubwa kama ndoo ya rangi. Nilitafakari kwamba mota ya chujio haipaswi kuzimwa hata saa moja, hivyo kila wati ina uzito wake. Na kwamba maji hayahitaji kukimbizwa, yanahitaji kupita taratibu mahali penye nafasi ya kutosha. Niliuliza jambo moja tu: je, itazungusha maji ya tangi lote mara kadhaa kwa saa? Itazungusha. Nikaichukua.

Ilibaki shida moja. Sponji zake zilikuwa safi na tupu, kama ile niliyoiharibu. Ndipo nilipoingiza mkono nyuma ya jiwe la kona, nikaigusa ile sponji ndogo uliyoifunga mwenyewe kwa uzi wa kushonea kwenye mpira wa kupitishia hewa. Nilikuwa sijaifikia siku ile ya sabuni. Nyeusi, ina utelezi wa vile vijidudu vinavyokula sumu ya maji. Nadhani ndiyo iliyowaokoa waliobaki. Sikuisuuza. Niliipachika katikati ya sponji mpya pamoja na fundo lako, nikawasha.

Maji sasa yanang'aa. Jumapili, baada ya Misa, Dada Veronika aliweka kidole kwenye kioo, pale pale ulipokuwa ukiweka wewe, na Mwenyekiti akakifuata. Habari ya kugawa hakuigusa. Alisema tu, "Kazee kamenenepa haka," kisha akaenda jikoni kulia. Nilimwacha alie.

Mama, itakapofika misa yako ya mwaka, nyumba itasafishwa tena. Naahidi kwamba siku hiyo nitasimama mbele ya tangi, na yeyote atakayekuja na sabuni atanikuta hapo. Sponji yako nitaikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe, kama ulivyofanya, na fundo lako sitalifungua.

Lala salama. Wapangaji wako hawajahama.

Mwanao mtiifu, safari hii kwa kweli,
Deo