Mchanga Uliousikia Mbavuni

Nchiru, Jumapili ya kwanza ya Agosti. Miezi mitatu tangu nije huku kutafuta kazi, mitano tangu tukuzike.

Baba,

Vidole vyangu vimepasuka kwa dawa ya kuoshea mabanda, kwa hivyo vumilia mwandiko. Kazi yangu ni kufagia mavi ya mbuzi katika shamba moja hapa, siku sita, na ya saba nalala. Leo usingizi umekataa.

Unakumbuka mbuzi wetu walivyokufa wakikohoa, shingo zimenyooka, povu puani. Nilikuwa nimewaacha machungani mvua ikawakuta. Ukasema mbele ya watu, "Mbuzi wangu wameuawa na uvivu wa Njeru." Hatukuongea vizuri tena. Kisha ukaenda.

Daktari wa mifugo wa hapa, mama mpole anayeniita Mwembu, kwa jina la kabila langu, nilimsimulia hayo. Alhamisi alikuwa anaenda upande wetu, akaniombea ruhusa kazini, akanibeba kwa gari lake mpaka nyumbani Manyatta. Mama akamshika yule jike mweusi aliyepona. Mimi nikamshika beberu aliyekuja na ruracio, mahari ya dada Wanja, yule mnono ambaye hajaugua hata siku moja.

Daktari akatoa tone la damu sikioni mwa beberu, akaliweka kwenye kadi ya kupimia, akaongeza tone la dawa, akaitikisa polepole. Nikadhani hakuna kitu. Halafu, Baba, yale maji yakaanza kushikana. Vipunje vidogo, vingi. Mbuzi mzima, anacheua, na damu yake inasema ugonjwa umepita humo. Ya jike ikawa vilevile.

Akasema ni homa ya mapafu. Mbuzi humwambukiza mwenzake kwa pumzi. Mvua huwachosha tu, haiileti. Nani aliianzisha, kadi haisemi. Mama alikaa chini akalia, nadhani kwa ajili yangu.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine. Ulikuwa unalaza sikio kwenye mbavu za mbuzi na kusema, "Kuna mchanga humu ndani." Nilikucheka. Kwenye ile kadi niliona mchanga, Baba. Ulisikia kweli kwa sikio tupu. Ulikosea tu mtu wa kulaumu.

Sikufika kaburini kwako hiyo Alhamisi. Gari lilikuwa linasubiri, na niliogopa. Wale mbuzi wawili tumewatenga mpaka daktari aseme. Nami nitajifunza kulaza sikio kama wewe.

Pumzika. Desemba wakinipa likizo narudi, na nitapita kwako kabla ya chai ya Mama.

Ni mimi Njeru, mvivu siku nyingine, lakini si siku ile ya mvua.