Dakika Mbili na Sekunde Nne za Sikuda

Busia, Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa Bridgit,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Soroti, na kwamba watoto unaowafundisha hawakuchoshi kama watu wa hapa walivyonichosha mimi. Sisi hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu na mtama umeota vizuri. Humu ndani kuna jambo nililolificha siku tano bila kumwambia mtu, hata Mama. Nitalifikia. Lakini kwanza lazima nikueleze mashindano, kwa sababu usipoyaelewa hutanielewa, na mimi nimekwisha kuchoka na watu wasioelewa.

Kambi moja ya waendesha baiskeli huko Eldoret iliahidi kumchukua kijana mmoja kutoka huku kwetu. Mzee Ekwaro, mwenyekiti wa chama cha wabeba abiria wa baiskeli, akataka mbio za siku tatu kama zile za wenye kazi yao: siku ya kwanza Busia hadi Tororo, ya pili Tororo hadi Molo, ile iliyo jirani, na kurudi, ya tatu Tororo hadi Busia kwa kupitia Sikuda. Hakuna aliyejua mbio hizo huendeshwaje isipokuwa mimi, niliyekisoma mara mbili kile kitabu cha mbio za baiskeli cha maktaba ya shule. Basi nikapewa saa ya kupimia na kupandishwa nyuma ya pikipiki ya Kevo. Kevo anatoka Busia ya Kenya na mdomo wake hauna breki.

Dada, niliteseka. Siku ya kwanza kijana mmoja alifika Tororo mbele ya wenzake, na watu wake wakambeba mabegani wakidai apewe nafasi ya Eldoret hapo hapo. Nikasema bado, tunajumlisha muda wa siku zote tatu, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Hakuna aliyenisikia, maana unajua sauti yangu ilivyo ndogo. Nikamweleza Mzee Ekwaro kwamba ni kama mtihani: mtu anaweza kuwa wa kwanza darasani bila kuongoza somo hata moja. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha akaniuliza kwa nini basi yule kijana hapewi nafasi.

Halafu ikaja habari ya upepo. Niliwaambia kuwa anayekaa nyuma ya mwenzake hatumii nguvu nyingi, na kwamba timu huwa na wasaidizi ambao kazi yao ni kumkinga kiongozi upepo, wao wenyewe wasishinde. Kevo akasema hilo analielewa vizuri, kwao shuleni kujificha nyuma ya mwenzako ndiyo ilikuwa njia ya kufaulu. Wote wakacheka na somo likaishia hapo. Jioni nilipowaandikia watu tisa muda mmoja, kwa kuwa walifika katika kundi moja na kanuni ndivyo inavyosema, mmoja wao alinifuata mpaka kwenye kibanda cha chapati akiniuliza kama gurudumu lake la mbele, lililowatangulia wenzake, alilileta kuwa pambo.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa jingine. Unajua kaka yetu Allan alikuwa akishindana. Tangu asubuhi ya kwanza Kevo alikuwa akitangaza kwa sauti kwamba dada ameshika saa, kwa hiyo saa nayo ni ya ukoo wetu wa akina Odwori. Alisema kwa utani. Lakini watu wa Tororo hawakucheka.

Siku mbili zikaisha, na aliyevaa jezi ya njano ya anayeongoza alikuwa Okochi wa Tororo, akimzidi Allan kwa sekunde hamsini. Siku ya tatu Allan alichomoka peke yake kabla ya Sikuda. Okochi na kundi walibaki nyuma. Penye kibao cha kanisa pale Sikuda nilipima nafasi iliyokuwa kati yao: dakika mbili na sekunde nne. Niliandika kwa penseli na kupigia mstari, kwa sababu Eldoret sasa ilikuwa ya kaka yetu.

Mbele kidogo tukakutana na mazishi. Gari dogo lenye jeneza na matawi, na watu wengi wakiimba nyuma yake, barabara nzima. Allan akashuka, akavua kofia, akawa anaisukuma baiskeli taratibu nyuma ya waombolezaji, kama sote tulivyofundishwa. Kevo akazima pikipiki, nasi tukashuka. Kundi likafika, nao wakashuka mmoja mmoja. Msafara ulipokata kona kuingia bomani kwa marehemu, wote wakapanda pamoja, na wote wakaingia Busia pamoja. Sekunde hamsini za Okochi zikabaki vile vile.

Jioni hiyo wako waliomwita Allan mjinga, kwamba angepita pembeni. Mama akawajibu kuwa mtoto wake hapiti maiti akiwa juu ya baiskeli, na atakayeona vibaya aende akamwambie marehemu.

Sasa nimelifikia lile jambo. Mzee Ekwaro aliniita mbele ya watu wote akaniuliza kitabu changu kinasema nini juu ya mazishi. Nikajibu kwamba hakisemi kitu. Ni kweli, Dada, hakisemi. Lakini kinasema juu ya lango la reli. Lango likimfungia aliyetangulia mpaka kundi limkute, mbio husimamishwa na kuanzishwa tena kwa nafasi ile ile iliyokuwapo. Nilikuwa na ukurasa kichwani na dakika mbili na sekunde nne mfukoni. Haikuwa aibu ya kusema mbele ya watu, usinitetee kwa hilo. Niliogopa wangesema nimempendelea kaka yangu. Nikaona bora yeye akose Eldoret kuliko mimi kuitwa mwizi wa muda.

Alhamisi nilimwambia Allan. Alikuwa akipaka mnyororo mafuta. Aliniuliza kama nilipima kabla au baada ya kibao. Kisha akasema siku zote hizo alikuwa akijilaumu kwa kuvua kofia, na akaondoka bila kula. Ijumaa nikaenda kwa Mzee Ekwaro na kitabu na karatasi. Alinigombeza kwa muda mrefu, kwa Kiteso na kwa Kiswahili, kisha akanipeleka Tororo nikamsomee Okochi mwenyewe. Okochi akasikiliza, akayatazama yale maandishi ya penseli, akasema hata yeye alijua kuwa ameachwa mbali, kwa maana pale kanisani hakuwa akimwona Allan kabisa. Akaomba tufanye kama kitabu kinavyotaka.

Nikuambie matokeo mapema usije ukaruka mistari. Okochi ndiye anayekwenda Eldoret. Tuliporudia kipande cha mwisho, Allan alifika Busia mbele yake kwa sekunde arobaini na tatu, na alihitaji zaidi ya hamsini. Amekula vizuri tangu jana na bado hasemi nami sana.

Mimi nilifanya hivi. Jana asubuhi, pale pale msafara ulipokata kona, tuliwasimamisha wote wawili mbele ya watu wengi, na Kevo akatangaza kuwa leo ukoo mzima uko kazini. Allan akaondoka. Nikakishika kiti cha Okochi kwa nyuma kwa mikono miwili, nikahesabu kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia, moja mpaka mia moja ishirini na nne. Kisha nikamwachia.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Wasalimie majirani zako. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Tracy