Meli Iliyofunikwa Kabla ya Injini

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya kiwanda cha meli.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Huna haya. Watoto wa majirani uliowaacha wakitambaa sasa wananijibu ovyo, na wewe bado unasema utakuja mambo yakikaa sawa. Mambo hayakai, baba, hukalishwa. Haya, hujambo? Unakula? Kifua kimeacha kubana kwa baridi ya huko? Mimi mzima, ila magoti yananisengenya kila nikiinuka. Anayeandika ni dada yako. Nimemwapisha asilainishe neno langu hata moja.

Sasa nikupe habari ambayo baba yako hatakupa. Tumeaibika.

Ile meli ya uvuvi, ya kwanza ya kiwanda chetu, unakumbuka tulivyoringa nayo. Mabamba ya chuma yalitoka ng'ambo, yakachelewa. Umeme ulikatika fundi akiwa katikati ya kuchomelea. Benki iliona afadhali imkopeshe muuza magari. Mafundi wakiiva tu, wanakimbilia viwanda vya ng'ambo; wa kwanza wewe. Yote tuliyavumilia. Shida si aibu.

Aibu ni hii. Injini haijafika, mara tukasikia mkubwa mmoja wa serikali anakuja kuitazama meli. Meneja akataka aikute imekamilika. Baba yako, msimamizi wa wachomeleaji, anajua kabisa injini huingia kwa juu. Akaitikia, "Ndiyo, bwana." Akaifunga sitaha yote, ile sakafu ya juu, wakaipaka rangi ikang'aa. Mkubwa akapiga picha. Mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Injini ikaja. Haina pa kuingilia.

Iko uwanjani chini ya turubai, kama bi harusi aliyefungiwa mlango. Muuza mkaa akaniuliza mbele za watu, "Bibi, mmejenga meli au kopo la samaki?" Nikamwambia kopo ni la mama yake. Lakini nilirudi nyumbani bila mkaa.

Kinachoniuma zaidi ni mwenye meli. Amesema isipokuwa tayari kabla ya msimu wa uvuvi, haichukui, na nyingine alizotaka atazijengesha huko huko uliko wewe. Kiwanda kitafungwa. Baba yako anaogopa kukata: mabamba yakipinda, mengine hayapo. Hapa hakuna aliyewahi kufungua sitaha iliyokwisha kuchomelewa, na wewe ulituambia hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku.

Nikamwambia akupigie simu. Akasema, "Mama, nitaanzaje? Mimi ndiye niliyemfundisha kushika moto wa kuchomelea." Akageukia ukutani. Mwanamume mzima, na ndevu zake!

Basi nimesema mimi. Mficha uchi hazai.

Dada yako anakusalimu, na shangazi yako wa cherehani, na jirani yetu kiziwi anayedhani wewe ni nahodha, tumechoka kumsahihisha. Mungu akulindie macho na vidole.

Ukija, na uje kabla ya msimu, usinitafutie zawadi. Beba miwani yako ya kuchomelea. Usipite kwangu kwanza. Nenda moja kwa moja kiwandani, mwamkie baba yako mbele ya wenzake, mnong'oneze pa kuanzia, kisha mwache akate yeye. Wewe mshikie bamba.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikutukana.