Miaka Ishirini Ndani ya Faili

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa tangu ubadilishe kiti cha cherehani. Mimi sijambo, ila usingizi sina. Najua ni mwaka mzima hatujaandikiana, tangu arusi yangu ambayo hukuja. Nisamehe kwamba naanza na shida.

Jana nilihojiwa kuhusu viza ya kumfuata mke wangu. Afisa alitazama tarehe zetu za kuzaliwa, kisha akanitazama mimi. "Miaka ishirini," akasema. "Kijana, umeoa mke au umeoa pasipoti?" Nikacheka, nikacheka peke yangu.

Kisha nikajiponza. Walitaka barua zetu ziwe ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Zile halisi zina madoa, nyingine zimekunjamana, nyingine ni za ugomvi. Mimi karani, Mama. Siwezi kupeleka uchafu mbele ya mkubwa. Basi nilizipiga chapa upya zote arobaini na moja, nikazipa namba, na kila mahali tulipobishana juu ya umri nikaparuka. Afisa akafunua faili, akauliza: "Miaka miwili mnaandikiana, na hakuna aliyewahi kutaja hii miaka ishirini? Na mama yako yuko wapi kwenye picha za arusi?"

Nimepewa nafasi ya mwisho, tarehe 20 Mei. Nitapeleka zile halisi. Lakini barua inayosema kweli kuliko zote ni yako, ile ya kunikataza kuoa. Naomba ruhusa niwaonyeshe.

Mwanao

19 Machi

Kalamu wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, ulimi ndio una homa. Nilisoma barua yako huku nashona, mteja nikamwekea mkono wa kushoto upande wa kulia.

Yaani mwaka mzima kimya, halafu unabisha hodi ukitaka matusi yangu ukawasomee wageni? Niliandika nina hasira. Nilisema huyo mwanamke ningeweza kukaa naye dawati moja shuleni. Nilisema anatafuta wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Hayo nayo yakagongwe muhuri? Hapana. Ya nyumbani yabaki nyumbani.

Ila niambie, maana hao maafisa nao hawajui kuuliza. Anajua unaogopa sindano? Ukikosea anakukemea, au anakubembeleza usije ukamwacha? Na mlikutana wapi? Hukuwahi kunieleza. Nami, kusema haki, sikukupa nafasi.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kufumua ule mkono. Mimi mzima, hofu tu.

Tulikutana dirishani kwangu, pale usajili wa vizazi. Alikuja kutafuta nakala ya cheti kwa ajili ya kazi ya ng'ambo, ya kufua mashuka ya hospitali. Kwenye daftari letu mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa umefifia, akarudi mara nne mpaka tukaupata. Kwa hiyo nilijua umri wake kabla sijaizoea sauti yake. Siku ya nne mkubwa wangu alikuwa ananifokea mbele ya watu. Yeye akasema kutoka kwenye foleni, "Mzee, huyo ukimfokea ndiyo atakosea zaidi. Mwache, mimi nina muda." Ukiacha wewe, Mama, hakuna aliyewahi kunitetea hivyo.

Ananikemea, tena sana. Sindano anajua. Nilipolazwa alinipigia simu wodini, akanisimulia habari za shuka lililopotea hadi sindano ikaingia na kutoka bila mimi kujua. Na anaogopa kuachwa. Mara tatu ameniandikia nitafute wa rika langu. Hizo ndizo barua nilizozikata maneno nilipozipiga chapa. Niliona zitatuumbua.

Ya kwako sitaipeleka. Neno lako nimelisikia.

Mwanao

11 Mei

Kalamu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nimeandika mara tano nikichana.

Ipeleke. Yote, pamoja na lile la kiti cha magurudumu. Wala usiipige chapa! Nikisikia umesahihisha hata nukta, nitakuja hapo ofisini kwenu na rula yangu. Chini nimeandika namba ya simu. Wakitaka kuuliza, waniulize mimi.

Lakini ujue, mwanangu: wakikukubalia, nitakuwa nimejinyang'anya mtoto kwa mkono wangu mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ipeleke hivyo hivyo.

Mama yako

21 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Afisa alisoma barua yako kimya. Alipofika kwenye kiti cha magurudumu alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Kisha akakupigia na kuweka sauti ya juu. Hukujua kwamba nimekaa palepale.

"Mama, unaamini ndoa hii ni ya kweli?"

"Ingekuwa ya uongo ningekwenda kucheza arusini," ukamjibu. "Ningekula keki nikarudi zangu. Nani hununa mwaka mzima kwa ajili ya maigizo?"

"Na sasa umeikubali?"

Nilisikia cherehani imesimama.

"Bado," ukasema. "Lakini huyo mwanamke ana muda na mwanangu. Mwacheni aende."

Niliinamisha uso nikajifanya natafuta kalamu. Mama, viza wamenipa. Nasafiri tarehe 9 Juni, nitakuja kulala kwako siku tatu kabla. Mke wangu anatamani kukuandikia, ila hajui akuiteje. Anwani yake nimeibandika nyuma ya bahasha.

Mwanao

10 Juni

Mkwe wangu,

Shikamoo hatutapeana, tumepishana mwaka mmoja tu. Tusalimiane kama watu wa rika moja: hujambo, na magoti je?

Barua hii ikifika, kijana atakuwa kwako tayari. Mizigo yake ameiandikia orodha, na orodha ameitolea nakala. Siku ukimkuta jikoni anapanga vijiko kwa ukubwa, ujue ana hofu. Usimwambie atulie, hatatulia. Mpe viatu vyako avipige rangi. Akifika jozi ya pili ataanza kusema mwenyewe.

Mimi nililigundua hilo nikiwa nimekwisha kumchapa sana. Wewe sitaki uchelewe.

Mkweo