Matundu Manne Mapya Kwenye Mkanda

Nyakato, Mwanza
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa dada Prudencia,

Leo ni mwaka mmoja na mwezi mmoja tangu nilipoondoka hapo baada ya Krismasi. Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, na ninaliandika neno hilo nikijua hamtaliamini.

Sikupiga simu kwa sababu wewe huweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikiliza. Barua hii anakuletea Nathaniel, huyohuyo aliyewapelekea habari zangu. Nimeibandika kwa gundi ya mifuko ya kiwandani. Ikikufikia imefunguliwa, ujue ni yeye.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema Nathaniel aliwaeleza kwamba nimekwisha, suruali inaning'inia, mashavu yameingia ndani, na kwamba mtu wa miaka arobaini na tisa hakondi hivyo bure. Ulisema kaka Rugemalira amewaita watu wa ukoo, wakapanda mimea ya mpaka katikati ya kibanja changu cha migomba, na mke wangu Leonsia wiki ya pili hii hasemi na mtu. Dada, mnanigawa ningali na meno yote.

Lakini siwalaumu sana. Sisi tuliozika maiti za miaka ile ya ugonjwa wa kukondesha, nyumba kwa nyumba, tukimwona mtu amekonda hatufikirii kitu kingine.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu waniondoe kwenye kubeba mizigo wakanikalisha kushona mifuko ya mashudu, nilinenepa. Masalu, ninayeshona naye, alikuwa akiniuliza mbele ya watu mimba ina miezi mingapi na baba yake ni nani. Nilicheka naye, mpaka Aprili mwaka jana nilipoanguka nikipanda ngazi za ghala. Zahanati wakasema presha iko juu sana. Muuguzi aliniuliza ninakula nini, nikamtajia: mlima wa ugali mchana, mwingine usiku, soda mbili, chapati tatu asubuhi. Akasema hataki nipime wala nihesabu chochote. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, soda niache, nile kabla jua halijazama, na kila jioni nitembee mpaka jasho linitoke.

Nikafanya hivyo. Kila jioni natoka kiwandani kwa miguu mpaka Igoma na kurudi. Mkanda wangu nimeutoboa matundu manne mapya kwa sindano ya kushonea mifuko. Ngazi za ghala sasa nazipanda bila kupumzika, na presha imeshuka. Hayo ni kweli yote, na unaweza kuwasomea.

Yanayofuata usimsomee mtu.

Zile chapati nilikuwa nakula kwa mwanamke anayeitwa Paskazia, anapikia wafanyakazi nje ya geti. Dada, sikuwa naenda kwa chapati tu. Ilianza kabla ya ile Krismasi, na nilikuja nyumbani nikalala na Leonsia kama mtu asiye na jambo. Niliachana na chapati na mpishi wake kwa pamoja, ule mwezi nilioanguka.

Mwili ulipoanza kupungua, Masalu aliacha kunitania. Ukimya wake ndio ulionitisha. Nikawa sijui ni miguu inayonikondesha au ni kile kitu. Badala ya kwenda kupima nikaongeza mwendo na kupunguza chakula, ili kila nikikonda niwe na sababu ya kujiambia. Miezi tisa, dada. Nilikuwa natembea huku namkimbia muuguzi aliyenituma kutembea.

Ujumbe wako ndio ulionipeleka. Alhamisi nilipima. Sina. Nilimwomba muuguzi asome mara mbili, akaniandikia kwenye karatasi na kugonga mhuri.

Sasa karatasi hiyo iko mfukoni na inanichoma. Nikimwonyesha kaka, kibanja changu kinarudi siku hiyohiyo. Lakini Leonsia atakuwa amesimama hapo, na unamjua. Ataniuliza jambo moja tu: kama ni kutembea na mboga, ulikwenda kupimwa kwa nini? Ningeweza kuichana na kuacha ukoo unizike kwa maneno. Ningeweza kumdanganya, nimezoea. Lakini naye amekaa wiki mbili akijiuliza kama ameambukizwa, na hajanitukana.

Nitampa yeye karatasi kwanza, tukiwa wawili, na nitamjibu. Akitaka mimea ya mpaka ibaki, itabaki.

Msalimie mama, mwambie ninakula. Kaka naye msalimie, asichimbe tena chochote mpaka anione. Leonsia usimwambie neno, ila siku ninayofika. Nitashuka melini Jumamosi, tarehe 22 mwezi huu.

Mdogo wako,
Jovinary